Taa Nyekundu ya Gari la Marehemu

Simu ya Neema ilinikuta nimelala chali chini ya dashibodi ya basi dogo, tochi nimeing'ata mdomoni, kwa hiyo habari ya kifo cha mama yake niliipokea bila kuweza kusema neno. "Mama ametutoka alfajiri, shangazi," alisema. "Tunazika kesho huku Liuli. Aliacha kauli kwamba wewe usikose." Nikatoa tochi nikamwambia nitakuja, kisha nikabaki nimelala pale pale nikitazama nyaya, mpaka mwenye basi akainama dirishani kuuliza kama nimepigwa na shoti. Nina miaka hamsini na ushee. Nimetengeneza umeme wa magari tangu nikiwa binti, na watu wa Songea wananijua kwa ulimi mkali na kwa kutotaka kusikia habari za mashetani. Mteja akija kuniambia gari lake limerogwa, namsema mpaka ajute kufungua mdomo. Hawajui kwamba ukali huo niliupata katika mwaka mmoja, Mbinga, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, na kwamba katika mwaka huo kuna siku niliulizwa swali mbele ya watu nikajibu neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa la uongo. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilipanda gari langu nikaanza safari ya ziwani.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamesharuhusiwa, na mji wa Mbinga ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo wazee hawakuielewa. Kila aliyepata uwakala wa kununua alitaka gari, na magari yenyewe yalikuwa yale yaliyotumika Japani, yamefika yakiwa na maandishi yasiyosomeka na redio zisizoshika stesheni. Mimi nilipanga chumba nyuma ya duka la spea. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali ya kuchoma, mwingine wa mabati, na kati ya kitanda changu na meza ya kazi palikuwa na pazia tu, hivyo nililala nikinusa grisi na kuamka nikinusa maharage ya mwenye nyumba yakichemka. Mafundi wenzangu wanaume walizoea kupita mlangoni wakisema kwa sauti, ili nisikie, "Huyu Skola ataolewa na betri." Niliwaacha waseme. Magari yale mapya yalikuwa na ugonjwa ambao wao hawakuujua: kiwandani yaliwekewa kinga ya wizi, na ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mlifichwa kidude cheusi kidogo kama punje ya mahindi, tunakiita chipu. Kuzunguka tundu la ufunguo kuna ringi ya waya inayoisoma chipu hiyo. Isipoiona, stata itazunguka, injini itawaka sekunde mbili, itakohoa na kuzima, na taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi itabaki inakonyeza. Nilikuwa nimejifunza haya kwa kuunguza vitu viwili vitatu vya watu, na nilijivunia sana.

Ndivyo nilivyomfahamu Bwana Osmundi, wakala wa kahawa, mtu mrefu mwenye haraka. Alikuwa na tabia ya kutoboa magunia kwa ufunguo wa gari ili aone kahawa iliyo ndani, na siku moja kichwa cha ufunguo kikapasuka mkononi mwake. Alikuja na vipande amevifunga kwenye leso. Chipu ilikuwa nzima, kichwa hakikufaa tena, na ufunguo mpya wa aina ile haukupatikana karibu kuliko Dar es Salaam. Nikamwambia nitaiweka chipu ndani ya gari lenyewe, nyuma ya kifuniko cha plastiki chini ya usukani, ubavuni mwa ringi, halafu akachongeshe ufunguo wa chuma mtupu Songea na gari litawaka. Solotepu nyeusi ilikuwa imeniishia, na hata ingekuwepo ingelegea kwa joto. Nikamwomba kitambaa chochote. Alitoka nje, ambako mkewe alikuwa amekaa barazani akinyonyesha, akarudi na kipande chekundu kirefu kama kidole. Nikaivingirisha chipu, nikaifunga kwa uzi mweusi wa kushonea, nikaining'iniza mahali pake. Kifuniko kilikuwa na skrubu tatu na moja niliipoteza kwenye vumbi la sakafu. Nikakiweka hivyo hivyo. Nilipokitazama kile kifurushi nilicheka nikasema kinafanana na hirizi. "Afadhali," alisema Bwana Osmundi, "mwizi akikiona atakimbia mwenyewe." Tulicheka wote wawili, na mkewe akachungulia mlangoni kuona tunacheka nini.

Bwana Osmundi alifariki katika baridi ya mwezi wa sita, kahawa ikiwa inaanza kuiva. Kichwa kilimuuma siku tatu, ya nne akafa. Gari lake mwenyewe ndilo lililombeba kwenda kwao Ruanda, kata ya huko huko Mbinga, jeneza likiwa nyuma limefunikwa shuka, na mpwa wake akiendesha. Barabara ilikuwa mbaya. Kwenye mtikisiko mmoja kile kifuniko changu cha skrubu mbili kikafunguka, na kifurushi chekundu kikadondoka na kuning'inia kwa uzi mweusi kati ya magoti ya dereva, kikiyumba, mbele ya macho ya kaka mkubwa wa marehemu, Mzee Gaudensi, aliyekaa kiti cha pembeni. Waliendelea hivyo hivyo mpaka walipofika. Mzee alikata uzi kwa wembe injini ikiwa bado inaunguruma, akakipokea kile kitu kwenye jani la mgomba asikiguse kwa mkono. Gari likazimwa. Halikuwaka tena. Wakati wa maziko, Mzee akakifukia kwenye kichwa cha kaburi, chini kidogo tu ya udongo, karibu na msalaba wa mbao, ili marehemu amrudishie aliyekiweka. Haya yote nilisimuliwa na Mzee Gaudensi mwenyewe aliponijia wiki mbili baadaye, kofia mkononi, kuniomba nikaliwashe gari kabla ya kuanua matanga. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika bisibisi. Alisema familia imekwisha kukaa kikao. Siku ya matanga mjane angepelekwa kwanza kwa yule mtu anayenyoa wachawi na kuwanywesha dawa, kisha angerudishwa kwao Liuli na nguo zake. Watoto wangebaki kwa baba yao. "Mwanamke wa ziwani," alisema, "na vitu vya ziwani. Tulimwambia Osmundi asioe mbali."

Nilikwenda naye siku ile ile. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mikahawa, na nyumba ilionekana vipande vipande, paa kwanza, halafu mlango, halafu watu. Gari lilikuwa limeegeshwa uani, hatua kama kumi kutoka kwenye kaburi, na ingawa ilikuwa saa tano ya asubuhi, kile kitaa chekundu kilionekana kupitia kioo, kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima. Mimi nilijua ni kitu gani. Nilijua kinakula umeme kidogo kiasi kwamba betri ingekivumilia miezi. Hata hivyo niligeuza uso, maana kuwaka kwake kulikuwa kama kwa mtu anayesubiri zamu yake ya kusema. Watoto walikuwa wamekatazwa kupita upande ule. Nilipewa chakula kwanza, ugali wa mahindi na maharage na kisahani cha mboga za maboga, katika chumba kilichopakana na jiko, na kupitia ukuta wa miti nikawasikia wanawake wakiongea.

"Linakonyeza usiku na mchana."

"Linamwita mtu."

"Linamtafuta yeye. Si umeona anavyolipita bila kulitazama?"

"Mimi jana nilipita na ndoo, likakonyeza mara mbili haraka haraka. Nikaimwaga ndoo nikakimbia."

Nilinawa nikatoka uani. Mjane mwenyewe, Mama Neema, alikuwa amekaa mkekani kwenye mlango wa nyumba kubwa, amefunikwa kitambaa cheusi, na binti yake Neema, wa miaka minane, amelala mapajani mwake. Hakuna aliyekaa naye karibu. Nilimwambia pole na msiba, akaitikia, "Tumeshapoa, mdogo wangu," kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikaanza kazi kama mtu asiyejua kitu, na hilo lenyewe lilikuwa uongo wa kwanza. Nilipima betri, nikapima mafuta, nikawasha. Injini ilinguruma sekunde mbili ikakohoa ikazima, na watu waliokuwa wamesimama nyuma yangu wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Nikafungua kifuniko. Mahali pa kifurushi palikuwa na nyuzi mbili nyeusi zilizokatwa. Nadhani nilizitazama kwa muda mrefu kupita fundi anayeona jambo kwa mara ya kwanza, maana Mzee Gaudensi alisema taratibu nyuma ya bega langu, "Ndipo kilipokuwa hapo. Wewe ni fundi, binti. Umeingia ndani ya magari mengi. Kitu kama kile, cha kitambaa chekundu na uzi mweusi, umewahi kukiona? Unamjua anayekiweka?"

Watu walisogea karibu. Mama Neema aliinua uso kule mlangoni akanitazama, si kwa kuniomba, alinitazama tu. Nikafikiria chumba changu cha pazia, na wale mafundi na maneno yao, na jinsi itakavyosikika kwamba msichana asiye na mume alimfungia hirizi mume wa mtu ndani ya gari lake. Nikafikiria wembe wa yule mnyoaji kichwani mwangu. Nikasema, "Sijui."

Nilikwenda nyuma ya mikahawa, mbali na macho yao. Nilijichukia, na nikiri kwamba hata katika kujichukia kule nilikuwa nikitafuta ujanja: namna ya kuisema kweli bila kujitaja. Nikarudi nikamwambia Mzee kwamba, jinsi ninavyolijua gari hili, kile alichokifukia ni sehemu ya ufunguo, kimetengenezwa kiwandani, na kikirudi mahali pake gari litawaka. Akasema kaburi halifukuliwi matanga hayajaanuliwa, na mkono wa mtu hautakigusa. Nikasema basi mkono hautakigusa. Msukume tu gari mpaka karibu na kaburi. Wanaume sita walilisukuma. Nikaichomoa ile ringi kwenye tundu la ufunguo, nikairefusha kwa waya wa spika nilioutoa kwenye redio ya gari, nikapita na waya ule juu ya udongo mpaka kwenye msalaba. Sasa ninapoandika naona jinsi nilivyokuwa mjinga. Sikuona nilichokuwa nikikijenga mbele ya macho ya watu wale: kamba kutoka kwa mfu kwenda kwenye gari lake. Niliona saketi tu.

Nilihitaji mtu wa kuzungusha ufunguo. Mpwa aliyeliendesha alikataa. Mzee alitikisa kichwa. Ndipo Mama Neema aliponyanyuka, akamlaza mtoto mkekani, akaja akipita katikati ya watu waliompisha kama wanavyompisha mtu mwenye ukoma, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Nilipiga magoti penye kichwa cha kaburi nikaweka ringi juu ya udongo. "Zungusha," nikasema. Injini ikawaka, ikakohoa, ikazima. Taa ikaendelea kukonyeza. Mtu mmoja alianza kusali Salamu Maria. Nikaikandamiza ringi, nikaizamisha kwenye udongo wenye umande mpaka vidole vyangu vikapotea, na kule chini nikahisi kitu laini kama kitambaa. "Tena," nikasema.

Taa nyekundu ikazimika. Injini ikaunguruma, safi, bila kukohoa, na haikuzima. Ukungu ulikuwa umetuzunguka, na mlio ule ulionekana kutoka ardhini. Kisha mwanamke mmoja alipiga yowe na uwanja wote ukatawanyika, watu wakikimbilia kwenye mikahawa, sufuria zikipinduka, mpwa akiacha kiatu kimoja. Mimi nilipiga kelele kwamba ni chipu, ni umeme tu, vidole vyangu vikiwa bado vimezama kaburini, mkono wa sweta umelowa umande. Hakuna aliyenisikia. Mzee Gaudensi peke yake hakukimbia. Alikuwa ameshika kofia kifuani kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, na alikuwa akitazama msalaba, si gari. "Nimesikia, Osmundi," alisema. "Nimesikia, mdogo wangu." Alimpenda sana ndugu yake, jambo ambalo kwa hasira zangu sikuwa nimelifikiria. Kisha akamwambia mjane bila kumgeukia, "Chukua gari lako. Chukua na kitu chako. Chukua na watoto wako, usiache hata mmoja, asije akawafuata hapa."

Nilitaka kumkimbilia nimweleze. Nilikuwa nimekwisha kuinuka. Mama Neema alinishika mkono, akasema chini chini, "Nyamaza, mdogo wangu. Amesema watoto." Akapiga magoti, akafukua kwa mkono wake mwenyewe, akakitoa kifurushi kile, akakifuta udongo kwa kitambaa chake cha msiba na kunipa. Nikaichomeka tena ringi, nikakirudisha kifurushi ubavuni mwake. Vidole vyangu vyenye udongo viliteleza kwenye uzi, fundo akalifunga yeye.

Nililiendesha mimi mpaka Liuli. Tulishuka milima ile, watoto wakiwa nyuma na mabegi mawili. Mahali tuliposimama kuongeza maji kwenye rejeta nilizima injini, na taa ikaanza tena kukonyeza, kama ifanyavyo kila gari likizimwa. Neema akapenya katikati ya viti, akaifunika kwa kiganja. "Baba yumo?" akauliza. Mama yake akamjibu, "Ondoa mkono, inaunguza," ingawa haiunguzi. Nilifungua mdomo nikasema, "Mama Neema, kile kitu..." Akasema, "Tuendelee, giza lisije kutukuta." Ziwa lilipotokea chini yetu, jeupe chini ya mawingu, alianza kulia kwa mara ya kwanza. Kwao tulilishwa ugali wa muhogo na usipa, vile vidagaa vya ziwani, vimekaangwa bila mafuta, na nilikula kama mtu aliyetoka hospitali. Nilikaa siku mbili. Kila nilipojaribu kuyaanza mazungumzo yale alitafuta kazi ya mikono. Niliporudi Mbinga nikakuta wateja wawili wananisubiri, na wote walitaka niwafungie kitu kama kile cha gari la Osmundi. Nikafungasha vifaa vyangu kabla mwaka haujaisha, nikahamia Songea.

Watoto wale hawakurudi tena Ruanda. Hilo nililijua miaka yote. Walikua bila kulitazama kaburi la baba yao, na Mama Neema aliishi akijulikana kuwa ni mwanamke aliyewashiwa gari na maiti. Nilikuwa nikimtembelea mara moja kwa mwaka, na kila mara niliahirisha kumwambia.

Juzi nilipofika Liuli maziko yalikuwa yamekwisha kuanza. Baada ya kutoka makaburini nikaona wanaume watatu wamesimama kando ya gari lao, mbali na turubai, wakiwa na makoti ya watu wa milimani. Walikuwa watoto wa marehemu Mzee Gaudensi. Walikuja kwa heshima, lakini hawakuingia ndani, na sinia la wali walilopelekewa lilikuwa juu ya boneti, halijaguswa. Neema, sasa mwalimu na mama wa watoto wawili, aliniita chumbani akanipa kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kifurushi changu, kimechakaa, na kilemba chekundu cha zamani kilichokunjwa. Nilikikunjua. Pembeni kilikuwa kimechanwa kipande kirefu kama kidole.

"Mama alikichana kwenye baraza lako," alisema Neema. "Baba alitoka akamwomba kitambaa, akachana hapo hapo. Kwa hiyo baba mkubwa alipokiinua kile kitu siku ya msiba, Mama alikijua. Alijua kimefungwa na nani."

"Mbona hakusema?" niliuliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Nilimuuliza. Alisema, 'Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi. Yule binti wangemnyoa, na hakuwa na mtu.' Alisema pia ulikuwa unaogopa sana, akakuonea huruma."

Niliweka kifurushi kwenye pengo la kilemba, rangi yake ilikuwa imefifia zaidi, lakini ukingo ulikubaliana na ukingo. Nililia kwa sauti, mimi ambaye wateja wangu wanadhani sina machozi. Kisha nikatoka navyo nje, nikapita turubai lote mpaka kwenye lile gari, nikawawekea wale wanaume watatu vitu vile karibu na sinia. Nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa jikoni waliisikia, "Hiki nilikifunga mimi, kwa mikono yangu, ili gari la baba yenu mdogo liwake. Kitambaa kilikuwa cha mkewe. Baba yenu aliniuliza kama namjua aliyekiweka, nikasema sijui. Nilikuwa namjua."

Walinitazama mimi, wakatazama kilemba. Wawili waligeuza uso. Wa tatu, mkubwa wao, anayefanana na Mzee Gaudensi hata kwa namna ya kushika kofia, alivua kofia akaiweka juu ya boneti. Mwishowe akamgeukia Neema, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"Dada," alisema, "naomba maji ninawe."

Neema akaleta jagi na beseni, akammiminia mikononi. Akanawa, akalivuta sinia, akaanza kula.